Maji Moto Chini ya Kidawa

Maskati,
Rajabu, Ijumaa baada ya alasiri.

Baba yangu,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo, na hesabu kwamba nimeinama mbele ya kiti chako cha kamba nimeubusu mkono. Vipi mguu wa kushoto, bado unavimba ukisimama sana? Mama bado anakohoa asubuhi? Na mwanangu Riziki, ameshamaliza juzuu ya Amma au bado anamkimbia mwalimu? Mimi mwili ni mzima, chakula napata, na wenye nyumba hawanipigii kelele. Moyo ndio sina raha nao. Nikikwambia sijambo nitakuwa nimekudanganya, na uongo ndio ulionitia katika jambo hili ninalotaka kukueleza.

Utashangaa kuona nimeandika kwa herufi za msahafu. Nimefanya kusudi. Barua zangu zote anakusomea kaka Hamadi barazani, na kila apitaye njiani anasikia. Mara ile nilipoandika kuwa tumbo linanisumbua, pole zilinifikia mpaka kutoka Shumba, tena kwa watu nisiowajua. Hamadi msahafu anausoma vizuri, lakini Kiswahili kisichotiwa irabu kinampiga chenga. Wewe ndiye uliyenifundisha kukisoma, juu ya kibao kile kile cha chuo cha Kurani. Basi vaa miwani yako, kaa peke yako, usome mwenyewe.

Barua yako ya mwisho imenifika. Umesema jina lako limepita, mwaka huu inshallah utakwenda Makka. Nililia kwa furaha nikiwa nimeshika sufuria ya uji. Ukasema tena kuwa umeanza mapema kuwazungukia watu kuwataka radhi, nyumba kwa nyumba, hata yule uliyegombana naye kwa ajili ya mbuzi umemfuata mpaka kwake. Mwisho ukaandika: "Hakuna niliyembakisha."

Baba, umembakisha mmoja. Nakaa naye nyumba moja.

Yule bi mkubwa ninayemwuguza, niliyekuwa nikikueleza habari zake, ambaye hawezi tena kutembea na macho yake hayaoni ila mwangaza, nilikuwa sijui jina lake. Wanawe wanamwita Mama, wageni wanamwita Mama Saidi, nami nikimwita Bi. Jina lake ni Kidawa.

Najua hapo umeiweka barua chini. Iokote, nikueleze lilivyotokea.

Unakumbuka fungu la karafuu ulilonipa siku ya kuondoka? Wewe uliyetulea kwa kutuambia tuwatii wenye mamlaka, ukazificha karafuu ndani ya kopo la achari ya ndimu ili wakaguzi wa magendo wasizione bandarini! Kila nikifungua lile kopo hucheka peke yangu. Basi siku moja Bi alikuwa analia jino. Dawa za hospitali zimeisha, mwanawe yuko kazini. Nikatoa karafuu mbili, nikazifuta achari, nikamwekea kwenye jino. Alizinusa kwanza. Akauma, akasema, "Hizi za Pemba." Nikamwambia ndiyo, Bi, nimepewa na wazee wangu. Akatabasamu, mara ya kwanza kumwona anatabasamu. "Mie mtu wa Pemba, Mize, hukujua? Umri huu wote Uarabuni ulimi haujageuka. Siye tulikuwa na shamba Mgogoni. Baada ya mapinduzi likachukuliwa, wakapewa watu. Na weye wa wapi?"

Neno Mgogoni lilikuwa mdomoni, nikalimeza. "Mie mtu wa Shumba, Bi."

Sijui kwa nini nilisema vile. Au najua. Niliona eka zetu tatu mbele ya macho yangu, nikaona na ile karatasi yako ya serikali ya kupewa shamba, iliyomo ndani ya sanduku la bati, nikaogopa kama mtu aliyekutwa na kitu cha watu mkononi. Lakini Mgogoni pana mashamba mengi yaliyogawiwa, huenda lao si letu. Ndivyo nilivyojiambia.

Tangu siku hiyo hakuwa na hadithi nyingine. Nikimwogesha, shamba. Nikimlisha, shamba. Kisima chenye ngazi za mawe, kilima, mpaka wa mipungate yenye miiba. Kila alilolitaja nalijua. Nilikuwa nasikiliza nikiomba Mungu ataje kitu kimoja tu ambacho sikijui, nipumue. Mpaka siku moja, nakunja shuka, naye anasema, "Ukitoka kisimani ukapanda kile kilima, mkono wa kulia..." Nami, kwa mazoea tu, kama ninayemwelekeza mtu nyumbani, nikamalizia, "Unamkuta Kidawa."

Bi akaniuliza polepole, "Nani kakwambia jina hilo?"

Nikasema nimelisikia kwake. Akasema hajawahi kunitajia. "Kidawa ni mie. Babangu kaupanda mkarafuu ule siku n'liyozaliwa, na kitovu changu kakizika chini yake. Watu wa Shumba wamjulie wapi Kidawa?"

Nikakaa chini juu ya zulia. Baba, mimi nimekua naye Kidawa. Kila msimu mlikuwa mkiulizana nani leo anampanda Kidawa, Kidawa mwaka huu kazaa, Kidawa kagoma. Tulimsema kama mtu, wala sikuuliza hata siku moja kwa nini mkarafuu una jina la mwanamke. Na mama ameniambia mara ngapi kwamba kitovu changu mimi kilizikwa pale pale! Nilikuwa nikijivunia, kwamba mimi ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kuzikiwa kitovu katika ardhi yetu wenyewe, maana babu Juma alikuja kutoka bara kulimia watu. Kumbe nilizikwa juu ya mwenzangu.

Bi hakuniuliza zaidi. Aligeuza uso ukutani, na kwa siku tatu hakusema nami ila kutaka maji. Kwa mwanawe hakunishitaki. Ingekuwa afadhali anitukane.

Alhamisi iliyofuata nilikwenda darsa. Wanawake tunakusanyika nyumba ya jirani baada ya alasiri, mwalimu wetu ni mama mmoja wa Mombasa, mkali lakini anafahamisha. Siku hiyo, Mungu alivyo wa ajabu, alisomesha aya ile ile yako. Ile ya kuwa tumtii Mwenyezi Mungu, na tumtii Mtume, na wenye mamlaka katika sisi. Ulikuwa ukitusomea baada ya magharibi huku ukihesabu vidole: Mungu kidole kimoja, Mtume cha pili, wenye mamlaka cha tatu. Na kile cha tatu, baba, ndicho ulichokuwa ukikishika kwa muda mrefu zaidi.

Mwalimu akatuambia tuangalie neno moja tu. Neno la kuamrisha kutii limetajwa kwa Mwenyezi Mungu, likatajwa upya kwa Mtume. Kwa wenye mamlaka halikutajwa tena, wamefuatishwa tu kwa herufi ya "na". Maana yake, akasema, wale wawili wanatiiwa hasa, na huyu wa tatu anatiiwa akiwa amewafuata wale wawili. Kisha aya ile ile inasema mkigombana katika jambo, lirudisheni kwa Mungu na kwa Mtume. Haikusema kwa wa tatu.

Nikanyoosha mkono. Nikauliza, je, mwenye mamlaka akikupa kitu cha mtu, akakuandikia na karatasi? Mwalimu akanitazama. Akauliza, "Mwenyewe yu hai?" Nikasema yu hai. "Basi kuna nini cha kuuliza, mwanangu? Karatasi utapewa ofisini. Radhi iko kwa mwenyewe." Akatufahamisha kuwa lililo baina ya mja na Mola wake Mola hulisamehe akitaka, lakini la mja na mja mwenzake ameliacha mikononi mwa yule aliyedhulumiwa. Mwanamke mmoja akauliza juu ya ardhi ya namna hiyo, kama mtu anaweza kusali juu yake. Akasema wanazuoni wamekhitilafiana. Wako wanaosema sala inasihi lakini msalaji ana dhambi, na wako wanaosema haisihi kabisa. Kwa hiyo wachamungu wengi wanatoka, wanakwenda kusali pengine.

Hapo sikusikia tena darsa. Nilikumbuka maji moto.

Nilikuwa na miaka saba au minane, msimu wa karafuu. Adhuhuri ikiingia ulikuwa unashuka mtini, unachukua mkeka wako, unauvuka mpaka wa mipungate, unakwenda kusali kando ya barabara, juani, juu ya kokoto. Nikakuuliza, "Baba, mbona husali hapa kivulini, chini ya Kidawa?" Ukanijibu, "Pana maji moto, mwanangu, watakuuma." Nikaamini. Nani asiyewajua wale chungu wekundu, wachumaji wanashuka wamevimba mpaka masikio. Mpaka nimekuwa mtu mzima, nimeolewa na kuachwa, nikifika shamba nami husali barabarani, na nikiulizwa nasema pana maji moto.

Lakini, baba, chakula tulikuwa tukila wapi? Si chini ya Kidawa? Muhogo na papa mkavu, tumekaa tumekunja miguu, hakuna aliyeumwa. Na wewe ukishakula ulikuwa ukilala pale pale, kofia usoni, unakoroma. Maji moto gani wasiouma mtu anayelala wakamuuma anayesali?

Ulijua. Tangu mimi sijazaliwa ulikuwa unajua, na kila siku unaubeba ule mkeka kwenda barabarani. Wallahi sikukasirika, nilikuonea huruma mpaka nikashindwa kula. Nilidhani kidole cha tatu umekishika kwa sababu unakiamini. Sasa naona ulikuwa umekishika kwa sababu unaogopa ukikiachia utaanguka.

Asubuhi yake namwosha Bi miguu, nikamwambia, "Bi, nilikudanganya. Mie wa Mgogoni. Mie binti Faki."

"Faki wa Juma? Yule kijana aliyekuwa akitupalilia?"

"Ndiye."

Akatikisa kichwa, akasema, "Basi shamba kapewa Faki." Akasema kwa sauti ambayo sikuipenda, kama mtu aliyesikia kikombe chake kizuri kimepewa mtumishi. Wewe unanijua hasira zangu. Nilikuwa nimeinama kumwomba msamaha, hapo hapo nikainuka. Nikamwambia, "Na babu yangu Juma ndiye aliyeng'oa visiki vya kilima kile, Bi, kwa mikono yake. Hakupewa hata pa kupanda mnazi mmoja wa kwake." Maji yakamwagika zuliani, nikajua leo narudishwa Pemba.

Bi akasema, "N'nakumbuka. Babuyo alipougua asiweze kupalilia, babangu kamtoa kibandani, masika yapiga. Kajitwika kitanda kichwani, na mvua ile. Mie n'likuwa dirishani, n'shakuwa mtu mzima, n'naona yote. Sikusema neno." Akaniomba nimfute macho kwa sababu mikono yake hainyanyuki. "Babangu kafa hakumtaka radhi mtu."

Hili la babu na kitanda, baba, hukunihadithia kamwe. Nimelijua huku, kwa mtoto wa aliyemtoa.

Nikamwambia kuwa unakwenda Makka, na nikamwomba akusamehe, nikutumie salamu ya radhi, moyo wako utulie. Nilidhani atakubali, maana tulikuwa tunalia wote wawili. Akasema, "La. Radhi haiagiziwi mtoto. Anitake mwenyewe, anitaje jina langu, nami nimsikie kwa masikio yangu. Macho sina tena." Nikasema hawezi kufika huku. Akasema, "Hakuna kanda siku hizi? Na asemee ndani ya kanda. Na kama ataweza kumsamehe babangu kwa lile la kibanda, naye aseme, nisikie. Asipoweza asiseme, asije akasema uongo kwa ajili yangu." Nikamwuliza, na shamba lenyewe? Akacheka kidogo. "Nilipeleke wapi na miguu hii? Hilo na nianze kusikia ananitaka radhi, ndipo nitamjibu."

Tazama basi nilivyokaa katikati. Sina la kumshika nalo, wala sina la kukuahidi. Huenda atakusamehe yote, huenda atasema arudishiwe kitu. Hamadi akijua atawaka. Atasema shamba tumepewa na serikali, karatasi ipo, huyo bibi hana chake, na Mize amekwenda Uarabuni kutuuza. Mama ataogopa kufukuzwa kama babu alivyofukuzwa. Nawe pengine utasema mtoto niliyemfundisha alifu leo ananifundisha dini. Nimeliogopa neno hilo kuliko yote. Nimekaa siku nyingi najiuliza kama kuandika barua hii si kukuvunjia heshima yako, maana kumtii mzazi nako kumo katika kumtii Mungu. Lakini kwa kuwa kumo ndani yake, haiwezekani kukageuka kukawa ni kwenda kinyume chake. Nimeishia hapo, sina elimu ya kufika mbali zaidi.

Miaka yote nilidhani kutii ni yale tunayoyafanya sote: sala tano, Ramadhani, kujisitiri, kuacha nguruwe ambaye hata akiletwa Mgogoni hakuna wa kumtaka. Hayo mepesi, baba, kijiji kizima kinakusaidia. Mtume mwenyewe, rehema na amani zimshukie, tumesomeshwa kuwa mwisho wa uhai wake alisimama mbele ya watu akawauliza nani ana haki juu yake, aje aichukue. Kumfuata mpaka pale ndiko kuzito. Pale mtu husimama peke yake, wala hakuna karatasi.

Barua hii anakuletea Bi Time wa Tibirinzi, mwanamke tunayesoma naye darsa. Ndani ya bahasha mna kanda tupu. Atakaa Pemba wiki mbili, kisha anarudi huku. Mwalimu wa chuo ana redio ya kunasia sauti, mwambie unataka kunisalimu mimi tu, hatakuuliza. Usiseme maneno mengi. Mtaje kwa jina, Bi Kidawa, usiseme "mwenye shamba". Kuhusu babu, useme lile lililomo moyoni mwako, hata likiwa ni kukataa.

Lakini usichelewe, nakuomba. Daktari alikuja juzi, akazungumza na mwanawe uani, mimi hawakuniambia kitu, ila nina macho. Uji hafikishi vijiko vitatu. Miguu imejaa maji. Kila mlango ukibishwa ananiuliza kama Bi Time amerudi, na Bi Time hajaondoka bado. Akitangulia kabla ya kanda kufika, utakwenda Makka na mzigo huo huo, nami sitajua nikuage kwa maneno gani.

Nisalimie mama yangu mzazi, mwambie khanga alizotaka nimempa Bi Time. Nisalimie Riziki, mbusu kwenye paji la uso, na mwambie asome. Kaka Hamadi na mkewe wape salamu zangu, na usiwaambie mengine mpaka uwe tayari. Mwalimu wa chuo aliyenifundisha kutia irabu, shangazi anayekaa karibu na kisima, na jirani yetu wa mbuzi, wote wasalimie.

Lipo moja zaidi, nimeliweka mwisho ili ulichukue mkononi unapoinuka. Jana nimemweleza Bi habari za mkeka wako, na kokoto, na jua, na maji moto. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Miaka yote hiyo? Faki?" Kisha akasema, "Ya radhi nimeshakwambia, na anitake mwenyewe. Lakini kusali, mwambie asali. Chini ya Kidawa, kivulini, ruhusa nimempa mie leo, wala hili halingoji kanda."

Basi adhuhuri utakapoisoma barua hii, chukua mkeka wako, baba, usivuke mipungate. Hapana maji moto.

Mwanao,
Mize binti Faki,
wa Mgogoni.